Shimo Chini ya Tangi

Tangi la maji la kijiji lilisimama pembeni mwa migomba yetu, hapa Mabira. Lilimwangukia mke wangu akikinga maji kwa ndoo. Hata hatujamzika, watu walishasema kosa ni lake: aliacha bomba wazi, maji yakalainisha ardhi. Mama yake naye aliamini hivyo.

Tukiwa bado tunalala kwenye majani yaliyotandikwa msibani, alikuja mwalimu wa chuo na basi la wanafunzi wa uhandisi na kompyuta. Alikuwa akiwafundisha maadili ya kazi. Aliomba wachimbe pale nguzo zilipong'oka, waone msingi. Kwetu jembe haligusi ardhi mpaka matanga yaanuliwe. Nilikubali hata hivyo. Nilitaka mtu aliyesoma aseme kwamba mke wangu hakuangusha tangi.

Walichimba kwa majembe waliyokuja nayo. Msingi ulikuwa wa kina cha kiganja. Kijana mmoja akasema hata mgomba wa mzee una mizizi mirefu kuushinda, wakacheka. Binti mmoja hakucheka. Alinigeukia.

"Baba, hata ardhi ingekuwa kavu, lingeanguka tu."

Nilimwomba mwalimu aingie ndani amwambie mama mkwe maneno hayohayo. Akanivuta kando kwa upole. Alinieleza kuwa mkandarasi aliyelijenga huwapokea wanafunzi wake kwa mafunzo ya kazi. Akiudhika, watakosa pa kwenda.

"Mzee, sisi tumekuja kujifunza tu."

Akarudi kuwauliza nani angekataa kujenga hivyo hata bosi akiamuru. Wakanyoosha mikono, akawasifu. Yule binti hakunyoosha. Alipoulizwa sababu, alisema, "Nimesikia ulichomwambia baba, mwalimu." Akaambiwa atangulie kwenye basi.

Waliondoka bila kufukia. Mama mkwe alitoka, akaliona shimo. Nilimwambia mimi ndiye niliyeruhusu, nikamweleza alichosema binti.

"Mwanangu hajapoa kaburini," alisema, "wewe unachimba kutafuta wa kumsingizia."

Akarudi ndani. Hakunijibu salamu tena mpaka matanga yakaisha.

Mvua ilinyesha, shimo likajaa. Sikuweza kulifukia, majembe yetu yalikuwa yamefungiwa stoo mpaka matanga yaanuliwe. Waliokuja kuhani walipita pale, wakasimama, wakaonyeshana yale maji. Niliwasikia wakisema ndiyo yaleyale aliyoyaacha yakimwagika.