Nywele za Kwenda Harusini Mahoo

Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa Voi kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa kunizaa. Kwetu ni Kishushe. Siku hizo sekondari huko hatukuwa nayo, na lori likipita watu walitoka nje kulitazama. Mama alinileta na gunia la mbaazi, akamwambia ndugu yake mbele yangu, "Mtoto ni wako. Akikosea, mchape."

Mama mdogo hakunichapa hata siku moja. Alikuwa na njia zake.

Nyumba yao ilikuwa kwenye kota za reli, kwa sababu baba mdogo alikuwa fundi wa reli, mtu wa Taveta, mpole, ambaye akitoka kazini alikula na kulala. Mama mdogo yeye alikuwa akipokea wageni kwenye hoteli moja ya watalii. Huko ndiko alikopata draya ya kukaushia nywele. Mgeni mmoja, mwanamke mweusi aliyetoka Uingereza, alimwachia alipokuwa akifunga mizigo. Ilikuwa nzito, rangi ya kahawia, na mdomoni mwake kilipachikwa kichana cha plastiki chenye meno marefu. Hewa ya moto ilipita katikati ya meno, kwa hiyo ukichana nywele mbichi zilikauka huku zikinyooka. Wanawake wengine wa kota walichoma nywele kwa chanuo la chuma lililotiwa kwenye jiko la makaa, wakanuka kama mbuzi aliyebabuliwa. Mama mdogo aliwapita Jumapili wakienda kanisani, akavuta pumzi kidogo puani, akatabasamu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana aliyenizidi kidogo kwa umri, niliyemwita dada. Dada alikuwa mzuri wa sura, ila nywele hakuwa nazo. Alikuwa nazo zamani. Halafu mama yake akampeleka Mombasa kuwekwa dawa ya kulainisha, dawa ikakaa kichwani kupita kiasi, na tangu siku hiyo zilikatika kila zilipoguswa. Pembeni mwa paji la uso ngozi ilionekana. Mama mdogo aliziogopa nywele zile kama mtu anavyoogopa yai lililopasuka.

Na draya ilikuwa na kasoro. Swichi yake ilichezacheza. Unaweza kuiweka kwenye joto la chini, ikakaa vizuri, kisha ghafla ikapanda. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana, kabla dada hajakaa kwenye kigoda, niliitwa mimi.

"Njoo tuonje moto."

Alisema hivyo, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Nilipiga magoti, akafumua tuta moja la nywele zangu kisogoni, akaliloweka, akapitisha draya na kuyakandamiza meno pale chini kwenye ngozi.

"Unaungua?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Sana au kidogo?"

Nikisema sana, alizima, akangoja ipoe, akanionja tena. Nikisema kidogo, alinisukuma begani niondoke na kumwita mwanawe kwa sauti nyingine kabisa. Nikinyamaza, aliiacha palepale mpaka niseme. Hakuwa na hasira alipofanya hivyo. Mara nyingi alikuwa akizungumza na jirani kupitia dirishani, habari za bei ya nyama.

Kwa hiyo nilikwenda shuleni na kichwa kizima cha matuta, na kisogoni ukanda mmoja wa nywele za singa uliolala kama ulimi. Wasichana wa darasa letu waliuita barabara ya Taveta, kwa jinsi ulivyonyooka. Chini yake ngozi ilikuwa na vidonda vidogo vilivyopona na kufunguka.

Ila nywele zangu hazikujali. Zilikuwa nyingi na ngumu, za kipilipili, na zilikuwa ndefu kuliko zilivyoonekana. Mama alizisuka tangu nikiwa mdogo, akizivuta mpaka macho yangu yakapanda juu. Mama mdogo alizishika siku moja, akalivuta tuta kulinyoosha, akaliachilia likarudi.

"Mungu naye," akasema. "Anampa asiye na haja."

Likizo ya Agosti mdogo wake baba mdogo alikuwa anaoa kwao Mahoo, kule Taveta, na dada akachaguliwa kuwa msimamizi wa bibi harusi. Gauni lilishonwa, la rangi ya maziwa. Mahoo wakati ule hapakuwa na stima, kwa hiyo nywele zilipaswa kutengenezwa Voi, zifungwe kitambaa, na kusafiri hivyo hivyo kwenye gari la moshi.

Siku ya kuamkia safari niliitwa kama kawaida. Nikapiga magoti. Mama mdogo akaniinua, akanikalisha kwenye kigoda cha dada.

"Leo tunakutengeneza wewe pia," akasema. "Kwani wewe si wa harusi?"

Alinifumua kichwa chote. Alinikosha kwa maji ya uvuguvugu aliyoyachanganya mwenyewe, akanipaka mafuta ya nazi, akazigawa nywele mafungu na kuyabana. Kisha akaanza na draya kutoka chini kwenye ncha, polepole, akipanda. Swichi ilipocheza aliiondoa haraka akapuliza ngozi yangu kwa mdomo. Hakuna mtu aliyewahi kunipuliza kichwa. Nilisikia harufu ya poda shingoni mwake, na machozi yakanilengalenga, nikaogopa asije akayaona akaacha.

Alipomaliza akanipa kioo. Nywele zilipita mabega. Sikujua ninazo kiasi kile. Nikageuza shingo huku na huku, nikacheka peke yangu. Dada alikuwa amekaa kitandani akinitazama, hakucheka.

"Tulia nizifunge," akasema mama mdogo.

Akazikusanya zote nyuma, akazifunga kwa uzi mweusi karibu kabisa na kichwa, akazungusha uzi mara nyingi na kuukaza. Nilidhani ananifunga shungi. Nikasikia mkasi.

Haukuwa mkasi mkali. Ulitafuna. Nilitaka kuinuka, mkono wake ukanibana shingo.

"Ukitikisika nitakukata sikio."

Shungi lilipotoka alilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalitikisa, akalipima kwa kiganja. Akamwambia mwanawe, "Umeona? Hata wakivuta halikatiki." Ndipo akanigeukia. "Usinitazame hivyo. Zako zitaota. Za mwenzako haziotangi."

Akaninyoa zilizobaki kwa wembe, ili nisionekane kama kuku mgonjwa, akanipa kitambaa nifunge.

Asubuhi dada alipanda gari la moshi akiwa na nywele zangu. Zake mwenyewe zililazwa nyuma kwa mafuta, na shungi langu likabanwa juu yake kwa pini, likakunjwa vizuri, juu yake kitambaa chepesi cha kupitisha mwanga. Hukuweza kuona pa kuungia. Alikaa dirishani wima. Mama mdogo akamfungia kioo vumbi jekundu lisimguse, na joto likatukaanga sisi wengine.

Mama, aliyealikwa pia harusini, alipandia Mwatate. Alikuwa ametoka nyumbani mapema, sehemu kwa miguu na sehemu kwa lori, na viatu amevishika mkononi. Nilimwona akija kati ya viti nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Akanisalimia, akanishika kitambaa, akakisukuma nyuma kidogo kwa kidole gumba. Akaona upara. Akakirudisha mahali pake.

Kisha akamgeukia dada. Akamtazama kwa muda.

"Nywele zimekupendeza kweli, mwanangu," akasema.

"Asante, mama mkubwa," dada akajibu.

Mama mdogo akacheka, akamsogezea mama nafasi, wakaanza habari za nyumbani. Nikajiambia hakuelewa. Safari nzima hadi Taveta nilijiambia hivyo.

Harusi ilikuwa nzuri. Mahoo ni maji na migomba, mifereji inapita hadi kwenye viwanja vya watu, na hewa yake ni nzito si kama ya Voi. Katika kutoka kanisani nilitembea nyuma ya bibi harusi pamoja na watoto, mbele yangu kisogo cha dada, kitambaa kimeshatolewa. Watu walimsifu. Mzee mmoja alisema ukoo wa mama mdogo una nywele kama za Wasomali. Mchana manyunyu yakaanza, ya kulowesha tu, na hakuna aliyeacha kucheza. Nywele za draya hazipendi maji. Niliona shungi likianza kuvimba, likanyanyuka, likajikunja upya jinsi lilivyozaliwa, na lilivyojikunja ndivyo lilivyozivuta pini. Dada hakuhisi. Aliinama kucheza, akainuka, na lenyewe likabaki chini, kwenye matope ukingoni mwa mfereji.

Mtoto mmoja akapiga kelele kwamba ni panya. Kisha watu wakaona kichwa cha dada, na wale wa nyuma wakaanza kucheka, halafu wa mbele. Dada alijifunika kwa mikono miwili.

Mama mdogo hakumkimbilia. Alinitafuta mimi kwa macho mpaka akanipata.

"Okota," akasema.

Sikusogea.

"Wewe msichana! Si ni zako? Okota uchafu wako."

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja nisiyemjua akakivuta kitambaa changu aone, na kicheko kikaanza upya, sasa kikiwa na watu wawili wa kuchekwa. Nikainama, nikaliokota. Lilikuwa limelowa, dogo, gumu kama pamba ya godoro. Uzi mweusi ulikuwa bado umekaza.

Nikalibeba hadi nyuma ya jiko, ambako mama alikuwa akiosha sufuria na wanawake wengine. Nikamwonyesha. Nikamwambia kwa Kidawida, lugha ya kwetu, wenzake wasielewe, "Mama, hizi ni zangu."

"Najua," akasema. Hakuacha kusugua. "Nimezisuka miaka yote, nitaachaje kuzijua? Nilizijua tangu Mwatate."

"Mbona ulimsifu?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto.

"Unakula kwa nani?" akasema. "Unalala kwa nani? Unataka kurudi Kishushe uchunge mbuzi? Basi nyamaza. Litupe hilo, halafu uje unisaidie."

Nikalitupa kwenye shimo la maganda ya ndizi. Nikaja nikamsaidia. Tulipokuwa tunarudi, akiteremka Mwatate, alimshika mama mdogo mikono yote miwili akamshukuru kwa kunilea.

Nilikaa Voi mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nywele ziliota, na Jumamosi ziliendelea. Dada na mimi hatukuizungumzia kamwe siku ile, ingawa tangu hapo alikuwa akinipa nusu ya nyama yake, akiisukuma sahanini mwangu bila kunitazama. Draya iliungua siku moja ikatoa moshi, mama mdogo akaililia.

Nilipoolewa, miaka baadaye, alisimama kwenye sherehe akashika kipaza sauti. Alisema alinilea kama niliyetoka tumboni mwake, kwamba hakunichapa hata siku moja. Sauti ikamkatika. Mama, aliyekaa mbele, alipiga makofi kuliko mtu yeyote, akanifanyia ishara ya kidevu niinuke. Nikainuka, nikaenda kumkumbatia, kwa sababu wageni walikuwa wakingoja.