Matanga ya Paulina

Sikuzani Mbaruku alikuwa na cheo ambacho hakuna serikali iliyompa. Kidete nzima, kuanzia stesheni mpaka mashamba ya kando ya mto Mkondoa, mtu akifa kina mama hawakuinjika sufuria mpaka Sikuzani afike. Yeye ndiye aliyesema nani apike, nani achote maji, nani akae na mfiwa asimwache hata akienda chooni. Awe Mkristo, awe Mwislamu, msiba ulikuwa wake. Na siku ya tatu yeye ndiye aliyeinuka akakunja mkeka wa kwanza. Hapo matanga yakawa yameanuliwa, watu wakaaga, kila mmoja akashika njia ya kwake. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na minane na hakuna aliyemlalamikia, ndiyo maana akazoea kujiona mtu anayejua. Na hapo ndipo alipoponzeka.

Ngoja nieleze ilivyokuwa. Enzi zile ilikuwa ruksa kila kitu. Wafanyabiashara walishuka kwenye treni na magunia matupu, wakanunua mahindi mlangoni kwa mtu bila kupitia ushirika wala nini. Vizuri tu, watu walivaa, watu walinunua redio. Lakini na wezi nao si walikuwa wanapanda treni hiyo hiyo? Lazaro, kijana mpole wa pale karibu na stesheni, alikuwa na mzani na chumba alichomhifadhia mahindi mnunuzi mmoja wa mjini. Watu watatu wasiojulikana wakaamini kwamba anamtunzia na fedha. Wakamvamia nyumbani mwezi wa tatu, jua halijazama vizuri. Fedha hazikuwepo. Wakampiga panga akafia mlangoni pake, na mkewe Paulina akakinga panga la pili kwa mkono wake wa kulia.

Kiberenge cha mafundi wa reli kikambeba Paulina mpaka Kilosa, kitenge chote kimelowa damu, hajitambui. Huku nyuma kijiji kikajaa kwenye ua wake. Kesho yake Lazaro akazikwa, maana joto lile halingojei. Kaka yake Lazaro, Makarius, alipotaka kupanda treni kwenda kumwona shemeji yake hospitali, alimfuata Sikuzani kwanza.

"Mama, akiniuliza habari za mumewe nimwambie nini?"

"Usimwambie," Sikuzani akamjibu, wala hakufikiri mara mbili. "Mgonjwa haambiwi msiba, utamuua na yeye. Mwambie Lazaro kahamishiwa Morogoro, anaendelea vizuri."

Kila aliyekuwepo akaitikia kwa kichwa. Nani angepinga? Ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa ataambiwa akipona, na atakayemwambia ni mtu mwingine.

Siku ya pili ya msiba mvua ikapiga. Mvua ya kupandia, ile iliyokuwa ikisubiriwa tangu mwezi wa pili. Kina mama wakaanza kutazamana, wanaume nao huko nje wakawa wanaongelea mbegu badala ya marehemu. Siku ya tatu, asubuhi na mapema, kabla hata chai haijachemka, Sikuzani akainuka akakunja mkeka. "Mfiwa mwenyewe hayupo," akasema, "tumkalie nani hapa? Twendeni mashambani." Watu walimshukuru, wengine hata wakamsifu kwa busara.

Paulina alirudi katikati ya mwezi wa tano. Alishuka kwenye treni peke yake, mkono wa kulia umekauka vidole vimekunjamana, mkono wa kushoto umeshika kikapu. Makarius alikuwa shambani, hakujua ni siku ipi. Pale stesheni muuza ndizi mmoja, mama wa watu mwenye moyo mzuri kabisa, akamwona akamkimbilia. "Pole, Paulina! Pole mwanangu kwa kufiwa. Tulimzika vizuri mumeo, watu walikuwa wengi."

Basi, hivyo ndivyo alivyoambiwa. Palepale, treni inapiga honi, watu wanagombea madirisha kuuza ndizi. Na huyo muuza ndizi asilaumiwe, alidhani kuna mtu keshamwambia.

Paulina akamwambia ahsante. Akaenda nyumbani, akafungua mlango, akafagia, akabandika ugali wa watu wawili.

Tangu siku hiyo hakulia. Siku za treni alikwenda stesheni akasimama chini ya kile kibao cha jina la kituo, akatazama wanaoshuka mpaka wa mwisho, kisha akarudi. Ukimsalimia anaitika vizuri. Ukimpa pole anasema ahsante. Lakini kaa naye kidogo utasikia, "Lazaro hapendi mboga yenye chumvi nyingi," au, "Lazaro akija ataliezeka lile paa." Mwezi wa saba watu wakaanza kuvuka upande wa pili wa njia wakimwona. Wengine wakamcheka. Makarius akawa anasema itabidi wampeleke kwa mganga, na mganga akishindwa basi arudishwe kwao Mikumi, nyumba ifungwe.

Sikuzani aliyasikia yote hayo na kila neno lilimchoma. Alikuwa amekaa na wafiwa kijiji kizima, yule mmoja tu ndiye aliyemkosa. Alimwendea, akamkuta anasonga ugali kwa mkono wa kushoto, sufuria ameibana kwa miguu, na sahani mbili zimekaa tayari. Alirudi nyumbani hakula.

Ndipo likaja suala la semina. Shirika moja lilikuwa limefungua ofisi mjini, na likaleta barua kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Anselmi, kwamba atume mama mmoja anayejua shida za watu, akafundishwe kuwasaidia waathirika wa uhalifu na maafa. Sikuzani akafurahi jamani! Akafua gauni lake la sikukuu, akapanda treni mpaka Kilosa, akakaa siku mbili kwenye ukumbi wa Magomeni. Walimpa daftari na kalamu na soda. Kijana aliyevaa tai akabandika karatasi kubwa ukutani, akaandika kwa kalamu nene: Msikilize mwathirika. Usimhukumu mwathirika. Mpe mwathirika rufaa.

Sikuzani akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi nina mtu kijijini kwangu. Mumewe alizikwa yeye yuko wodini, na matanga yalianuliwa hajarudi. Sasa nifanyeje?"

Kijana akatabasamu. "Swali zuri sana, mama. Hilo litakuja kwenye mada ya nne."

Mada ya nne ilikuwa jinsi ya kujaza ripoti. Alipouliza tena, kwa nini basi wasiwaite na waathirika wenyewe wakae humo ukumbini, akaambiwa bajeti ya semina ni ya watoa huduma peke yake. Sikuzani akafunga daftari. Ebo! Watu ishirini na wanne wanakunywa soda kwa jina la Paulina, na Paulina hayumo! Njiani kurudi alikuwa na hasira hata akasahau kumwitikia shikamoo binti aliyempisha kiti.

Aliposhuka hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Makarius, akamkuta na Mzee Anselmi wanazungumza mambo ya mfereji.

"Nataka tumtandikie Paulina matanga," akasema akiwa bado amesimama. "Siku tatu. Akae mkekani, alie, tumlilie."

Makarius akamwangalia kama hajasikia sawasawa. "Matanga ya nani?"

"Ya mumewe."

"Mama Sikuzani, yale yalianuliwa. Na wewe ndiye uliyeyaanua." Akashusha sauti. "Unajua mwenyewe. Mkeka ukishakunjwa, anayeutandika tena anaita mwingine. Unataka tumzike nani safari hii? Mimi nina watoto."

"Na mimi nina wajukuu."

"Basi waonee huruma."

Mzee Anselmi akakohoa. "Dada yangu, umetoka semina. Hukuleta kitu huko? Hata blanketi? Tukampelekea blanketi, tukaandika jina lake, ikaonekana tumemsaidia."

"Hana baridi, Mwenyekiti!" Sikuzani akafoka. "Nani kakwambia Paulina ana baridi?"

Akazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa Grace, jirani wa ukuta na ukuta na Paulina, mwanamke aliyekwenda naye kanisani miaka yote, akapokewa vizuri, akapewa kigoda. Alipotaja mkeka, Grace akaanza kupukuchua mahindi kwa haraka, macho chini. "Mama, mimi nina mimba. Siwezi kukaa kwenye jambo kama hilo." Mwingine alisema mumewe hataki. Mwingine akasema, sawa, lakini wewe anza. Sikuzani alikuwa hajawahi kukataliwa na kina mama wa Kidete, na sasa alikuwa amekataliwa mara tisa kati ya adhuhuri na alasiri. Na kibaya zaidi, hakuwa na haki ya kuwalaumu. Huo mwiko wa mkeka nani aliwafundisha kama si yeye?

Yeye mwenyewe aliogopa, tusidanganyane. Binti yake wa pili alikuwa na kifua kibaya mwaka ule. Aliwaza akaghairi, akawaza tena. Mwishowe akasema potelea mbali, kama kuna wa kufa na afe kwa jambo la maana.

Jumamosi asubuhi alibeba mkeka wake mwenyewe kichwani, akapita nao katikati ya kijiji ili kila mtu aone, akautandika kwenye ua wa Paulina, kando kabisa ya njia ya bombani. Akavua ndala, akafunga kanga kichwani, akaketi amenyoosha miguu. Paulina akachungulia mlangoni.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Njoo ukae."

Paulina hakuja. Alisimama pale pale, mkono mkavu ameuegemeza kwenye fremu ya mlango. Kina mama wakawa wanapita na ndoo, wanaona mkeka, wanakaza mwendo. Grace alipita kwa mbali, akazungukia nyuma ya shule. Jua likapanda. Sikuzani akakaa hivyo, kiuno kinamuuma, anawatukana wote kimoyomoyo kwa majina ya mama zao.

Mtu wa kwanza kusimama hakuwa wa Kidete. Alikuwa Soila, mama wa Kimasai aliyeleta maziwa stesheni kila Jumamosi kutoka maboma ya kule bondeni. Akaona mwanamke mtu mzima amekaa mkekani peke yake na kanga kichwani, akashusha kibuyu chake.

"Nani amekufa?"

"Lazaro, yule wa mzani."

Soila akafikiri. "Huyo si alikufa wakati wa mvua?"

"Alikufa wakati wa mvua. Mkewe alikuwa hospitali. Hakuna aliyekaa naye."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Soila akatikisa kichwa, akasema neno moja kwa Kimasai ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Kisha akaketi. Habari za mkeka na mwiko wake hakuzijua, na hakuna aliyejisumbua kumweleza. Maziwa akayaacha juani yagande.

Labda ni kumwona mgeni amekaa. Labda alichoka tu kusimama. Paulina akatoka mlangoni, akaja polepole, akakaa kwenye pembe ya mkeka, magoti ameyakunja. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Alivalishwa nini?"

Sikuzani akamjibu. "Suruali ya kaki. Na lile shati lake jeupe la Krismasi."

"Lile lilikuwa limekatika kifungo."

"Nilishona kingine."

"Kaburi lilichimbwa wapi?"

"Pembeni ya mama yake. Upande wa mwembe mdogo, siyo upande wa reli."

"Watu walikaa siku ngapi?"

"Tatu," Sikuzani akasema, kisha akajirekebisha, maana uongo ulikuwa umetosha. "Mbili na kidogo. Siku ya tatu hata chai hatukunywa. Mvua ilikuwa imenyesha."

Paulina akageuka akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Nani alisema yaanuliwe?"

"Mimi."

"Na mimi nilikuwa kitandani kule, nauliza kila anayekuja habari za Morogoro. Nauliza kama jeraha lake limepona. Makarius akaniambia anakula vizuri. Nani alimtuma aniambie hivyo?"

Soila alikuwa amekaa kati yao, anatazama huku, anatazama kule. Sikuzani angeweza kusema ni mila, ndivyo tunavyofanya. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni.

"Mimi. Hilo nalo ni mimi, mwanangu."

Paulina akampiga. Kwa mkono wa kushoto, kofi zito la shavu, kanga ya Sikuzani ikaruka kichwani. Akampiga tena la bega. Sikuzani hakujikinga, wala hakumwachia Soila amshike yule binti. Kofi la tatu halikufika. Mkono ulibaki hewani, na Paulina akafungua mdomo akapiga yowe.

Si yowe la kuomba msaada. Lilikuwa lile lingine, refu, ambalo kila mwanamke wa Kidete analijua tangu utotoni na mwili wake unaondoka kabla hajafikiri. Njiani ndoo zikatuliwa, nyingine zikamwagika. Grace alitoka nyuma ya shule anakimbia, mkono mmoja ameshika tumbo, kasahau mwiko, kasahau kila kitu. Wakaja wanne, wakaja kumi. Makarius naye akaja na jembe mkononi.

"Kuna nini?" Grace akapiga magoti penye mkeka, anahema. "Nani? Nani amekufa?"

Sikuzani alitaka kumjibu, tena jibu kali alikuwa nalo. Paulina akamwahi.

"Lazaro," akasema, akamkumbatia Grace kwa mkono wake mmoja. "Mume wangu amekufa, Grace. Mume wangu amekufa."