Rimu Ambayo Okinyi Hakuikata

Okinyi, mzaliwa wa Ugenya, alikuwa fundi wa magurudumu kwa miaka ishirini na sita katika gereji moja karibu na mtaa wa Jamhuri. Kazi yake nyingine ilikuwa kukata rimu, vyuma vinavyoshika tairi, zilizopasuka, zisije zikachomelewa, zikapakwa rangi na kuuzwa tena. Alizikata zote isipokuwa moja.

Hiyo ilitoka katika gari la Masila, dereva na rafiki yake, aliyefariki ajalini huko Kinoo. Mara tatu Okinyi aliishika grainda, mashine ya kukatia chuma, na mara tatu akaiweka chini; aliona kana kwamba angemkata marehemu mwenyewe. Akaliegemeza gurudumu zima nyuma ya banda, kisha akamwambia mkubwa wake kuwa rimu imekatwa. Juma moja baadaye gurudumu hilo lilikuwa limeibwa.

Kwenye rimu hiyo kulikuwa na kihisi, kidude kisichozidi kifungo cha koti, kinachopima upepo wa gurudumu na kupeleka habari bila waya. Hakina betri ya kubadilishwa. Mtikisiko wa barabara ndio chakula chake. Gari likisimama, hunyamaza. Likienda husema, hata kama dereva wake amekwisha kuzikwa.

Jumatatu moja asubuhi, kioo cha kipokezi cha gereji, chombo kinachonasa habari za vihisi vya magari yapitayo, kilionyesha nambari ya gurudumu la Masila. Okinyi akavua kofia, akaomba. Kesho yake, saa moja unusu, nambari ile ile. Na keshokutwa vilevile. Ndipo akasoma kile ambacho hofu ilimzuia kukisoma: upepo ulikuwa ukipungua kila siku. Aliyekuwa akipita hapo alikuwa mtu hai, juu ya rimu yenye ufa.

Alhamisi alisimama barabarani mbele ya lango, kipokezi mkononi. Nambari ilipowaka, akalizuia gari jeupe kwa mwili wake.

“Mzee, umechoka kuishi?” akafoka dereva, mwanamke wa Parklands aitwaye Nasim, bila kuteremsha kioo.

“Mama, gurudumu lako moja lina rimu yenye ufa.”

“Hila hiyo naijua! Nishuke kuangalia, mwenzako aingie. Leo mko wangapi?”

“Niko peke yangu. Kitambulisho changu hiki.”

“Nasim,” mamake akasema kutoka kiti cha nyuma, “mwizi gani huvaa ovaroli yenye jina?”

Gari likaingia langoni. Okinyi akalitoa gurudumu lenye rangi mpya, akabandua tairi, akakwangua rangi. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole.

Nasim aliutazama, kisha akamtazama mamake. “Ni nani aliyeiacha rimu hii itoke?”

“Ni mimi. Nilisema nimeikata.”

Nasim akarudi nyuma kumpisha.

Okinyi akawasha grainda. Rimu ikatetemeka chini ya kisahani cha kukatia, kihisi kikashiba mtetemo huo, na nambari ya Masila ikawaka kiooni: upepo, sifuri. Okinyi aliiona. Midomo yake ilitaja jina la rafiki yake, lakini mkono hakuuinua mpaka rimu ilipoanguka sakafuni vipande viwili.