Dhiraa Ishirini kwa Mkono wa Marehemu

Saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa ukumbini, Bi Sentimita anapiga magoti mbele ya ukuta na kuweka rula ya chuma juu ya mkono wa mtu aliyekufa zamani.

Ni alama tu kwenye lipu ya chokaa, kando ya mlango: kiwiko, kiganja, hadi ncha ya kidole cha kati. Marehemu aliukandamiza mkono wake pale lipu ikiwa mbichi, ili warithi wasije wakabishana.

"Dhiraa ni mkono," anaeleza taratibu. "Lakini mkono wa nani? Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia."

Mama huyu, aliyepewa jina hilo la utani na majirani, hugeuza dhiraa, shibiri na pima za wazee kuwa mita, familia zinapogawana nyumba. Hakuisomea kazi hii. Aliijua kwa kumshikia kamba baba yake, fundi mwashi. Kuna siku hurudi nyumbani na nauli tu.

Wosia wa nyumba hii uko wazi. Dhiraa ishirini kutoka mlangoni, kwa mkono wa marehemu, ni za mjane wake. Zinazobaki ni za mpwa wake, ambaye ameshapata mnunuzi.

Ukuta wa nyuma wa chumba cha mjane uko mita tisa na sentimita thelathini kutoka mlangoni. Kipimo kikipungua hapo, chumba kinakatwa na bibi hana pa kulala.

Jumatatu mkono ulikuwa sentimita arobaini na tano: mita tisa kamili. Mpwa akashangilia. Jumatano Bi Sentimita akarudi kuhakiki, kama ilivyo desturi yake, akapata arobaini na sita.

"Nikasema ni macho yangu. Nikanunua rula mpya."

Mpwa alimgeukia mjane. "Mama, umemchokonoa mjomba?"

"Mwanangu, hata uzi kwenye sindano natungiwa. Nimchokonoe na nini?"

Bi Sentimita aliuchunguza ukuta kwa tochi. Alama ya kidole bado imo kwenye chokaa, nzima, na vijistari vyake. Hakuna mkwaruzo wa kifaa. Ila sakafuni, chini ya ncha ya kidole, palikuwa na unga mweupe. Aliufagia. Leo ameukuta tena.

Na leo rula inasoma arobaini na sita na nusu. Anapiga hesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mita tisa na thelathini. Ukutani kabisa.

"Anajinyoosha," mjane anasema kutoka kitandani, mlango wa chumba chake ukiwa wazi, kama mtu anayesema chai imechemka. "Ndivyo alivyokuwa. Ukimwita haji, ukimwacha anafika."

Mpwa anataka itumike dhiraa ya vitabuni.

"Wosia umesema mkono wake, baba," Bi Sentimita anamjibu kwa upole.

Kesho atapima kwa mara ya mwisho, mpwa akiishika rula mwenyewe, kisha mpaka utawekwa. Bi Sentimita anatumaini mjane atabaki na chumba chake chote. Anakunja kamba yake, halafu anautazama ule ukuta wa nyuma kwa muda mrefu.

"Naomba marehemu asimame hapohapo," anasema, akishusha sauti. "Ng'ambo ya ukuta ule ndipo anapolala huyu mpwa wake."