Swali la Tisa, Nyumbani kwa Mama

Mimi si mtu wa kusumbuliwa na makaratasi, lakini kuna hojaji moja iliyoninyima usingizi wiki nzima. Ilijazwa nyumbani kwetu Mbotela, na aliyeijibu ni mama yangu mzazi.

Nilikuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya pili. Mada yangu ilikuwa jinsi familia za Eastlands, Nairobi, zinavyogawana chakula siku ambazo hakitoshi, na niliichagua kwa kiburi. Nimezaliwa Mbotela, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, nikalelewa na mama anayeuza dagaa wa omena na mboga karibu na Jogoo Road. Wengine wataisoma hii mada vitabuni, nilijiambia, mimi nimeilalia.

Msimamizi wangu alikishusha kiburi hicho siku ya kwanza. Mtafiti hahoji watu wanaomjua, alisema, kwa sababu watamwonea haya au watampendelea. Kitabu cha mbinu za utafiti nacho kilisema vivyo hivyo. Basi nikapatana na mwanafunzi mwenzangu, dada mmoja wa mtaa wa Pipeline aliyekuwa akichunguza mambo ya maji. Yeye angenijazia hojaji zangu Mbotela, mimi nimjazie zake kwao. Nilipanda ngazi za magorofa ya Pipeline mpaka magoti yakagoma. Yeye akazunguka mtaa wetu na kalamu yake na ile sauti yake ya upole.

Nyumba tulizichagua kwa kura, na ya kwetu ikatoka. Ningeiondoa palepale, lakini niliogopa kuambiwa nachagua nyumba ninazozitaka. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Swali la tisa liliuliza kama kuna mtu mzima wa nyumba hiyo aliyelala bila kula katika siku saba zilizopita. Karibu wote walijibu hapana. Niliangalia zile fomu nikacheka peke yangu. Mbotela gani hiyo, ama walikuwa wamehama bila kuniambia? Lakini fomu ni fomu, nikaanza kuziingiza kwenye kompyuta.

Siku mbili baadaye mwenzangu aliniletea za mwisho chuoni, akiwa amejaa sifa.

“Mathe wako ana roho safi, aki,” alisema. “Juzi jioni nilimwambia siruhusiwi kupokea kitu kwa mtu ninayemhoji. Akaniuliza ni sheria gani hiyo inayokataza mtu kula ugali. Nikakula.”

“Mlikula pamoja?”

“Zii, nilikula peke yangu, yeye alisema alikuwa amekula kabla sijafika.”

Jioni hiyohiyo anayoisema, nilirudi kutoka Pipeline nikakuta sahani yangu imefunikwa. Nilimuuliza mama kama amekula. “Nilikula na mgeni wako,” alinijibu, “kula wewe.” Nami nikala, nikakwangua hadi sahani.

Kwa hivyo mgeni aliambiwa mama amekula kabla, na mimi nikaambiwa amekula na mgeni. Kwenye swali la tisa, tiki ilikuwa mahali pa hapana. Najua swali liliuliza siku zilizotangulia. Lakini mtu hajui kuficha njaa kwa ufundi huo kama ameanza jana.

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia mwenzangu aliyekula mpaka akaongezwa, na zaidi nikajikasirikia mimi. Hakuna jambo hapo ambalo sikulijua. Watu wetu waliotoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi za reli na kanjo walikuja na desturi yao, na bado wanayo. Mgeni akibisha hodi, anawekewa chai, anapikiwa. Akikuuliza habari, mko sawa, Mungu ni mwema. Sasa huyo mgeni akija na kalamu, ndipo utamwambia ulilala njaa? Wapi! Yule mtu baki ambaye kitabu kilisema ataambiwa ukweli ndiye wa kwanza kufichwa. Mimi mtoto wa mtaa nilikuwa nimemtuma kwa mkono wangu.

Nilienda kwa msimamizi. Si mtu mbaya. Ana wanafunzi wengi kuliko viti ofisini mwake, na tasnifu zimerundikana mpaka dirishani.

“Iandike kama upungufu wa utafiti,” alisema. “Aya moja, sura ya mwisho. Halafu uendelee.”

“Daktari, huo si upungufu. Ndio utafiti wenyewe.”

“Muda wako wa usajili unakwisha. Ukibadilisha hojaji utahitaji kibali kipya, na wakikuchelewesha utafutwa chuoni. Miaka yote hiyo iende bure?”

“Basi wanifute,” nikasema.

Ungenisikia ungedhani mimi ni shujaa. Kwenye korido nilitamani kurudi kumwambia nilikuwa natania. Badala yake niliandika barua ya kuomba muda na nyingine ya kuomba kibali, nikakaa kungoja. Muda waliniongezea kidogo. Kibali kilikawia hadi mahafali yakafika. Dada wa Pipeline alivaa joho, nikampigia vigelegele, kisha nikaenda msalani nikalia. Nyumbani mama alinipakulia tu.

Kibali kilipotoka nilifuta swali la tisa. Mahali pake niliweka maswali kuhusu sufuria: jana mlipika nini, nani alipakuliwa wa kwanza, nani wa mwisho, sufuria ilikuwa imebaki na nini. Niliamini mtu haoni haya kuzungumzia sufuria. Safari hii pia, wa kuuliza wangekuwa akina mama wa mtaa wenyewe. Nyumba yetu niliiondoa kwenye orodha, lakini nilitaka kuyajaribu maswali kwanza, na mama alikuwa mlangoni akikata majani ya sukuma wiki.

“Fomu tena?” aliuliza.

“Hii haihesabiwi, mama. Najaribu tu. Jana tulipika nini?”

“Si ulikuwa hapa?”

“Nijibu tu, mama.”

“Ugali na sukuma.”

“Nani alipakuliwa wa kwanza?”

“Wewe.”

“Na wa mwisho?”

“Mimi. Kuna mwingine?”

“Zamu yako ikifika, sufuria huwa imebaki na nini?”

Hakuinua macho. Kisu kiliendelea kukata, na sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kumtajia mteja bei ya omena.

“Inategemea,” alisema, “siku hiyo umerudi na njaa kiasi gani.”