Kompyuta Aliyoiunda Fundi Cherehani

Shamsia alikuwa fundi cherehani wa Misugusugu, mwenye kibanda cha mabati kando ya Barabara ya Morogoro, na mpaka mwaka jana kitu pekee cha umeme alichowahi kukifungua kilikuwa pasi. Mdogo wake Mwanne alikuwa kidato cha pili, akikaa na mama yao, Bi Hamisa, kule Kisarawe. Siku moja ya likizo Shamsia alikwenda kuwajulia hali, akaokota daftari la hisabati la Mwanne. Kurasa za nyuma zote zilikuwa zimejaa michoro ya saa za duara, vitufe na namba ndogondogo.

"Nini hiki?"

"Chumba cha rubani, dada." Mwanne alilinyakua daftari lake. "Pale banda la gemu kuna mchezo wa kurusha ndege. Wavulana hawaniachii zamu, basi nasimama nyuma yao naangalia. Vitufe vyote nimeshavikariri."

Shamsia alirudi Misugusugu, lakini ile michoro haikumtoka. Mtoto amejifunza kurusha ndege kwa kuchungulia mabegani mwa watu! Mwishowe alikwenda Maili Moja kwa Lusajo, fundi kompyuta ambaye sare za wanawe alizishona yeye.

Lusajo alimsikiliza, akacheka kidogo. "Mashine mpya za gemu tuwaachie wenye nazo. Lakini maofisi huuza kompyuta ndogo walizochoka nazo. Ukiongeza kumbukumbu na kadi ya picha, inaamka. Vipande nitakutafutia. Kuunganisha, utaunganisha mwenyewe."

"Mimi? Si nitaiunguza!"

"Wewe unatunga uzi kwenye tundu la sindano. Na ikimharibikia mdogo wako, nani atakayemwendea, mimi au dada yake?"

Kazi iliwachukua Jumamosi tatu pale kwa Lusajo, kwa kadiri vipande vilivyopatikana. Kompyuta yenyewe ilikuwa nyembamba, ndogo kama boksi la viatu. Shamsia alipofungua ubavu wake na kupuliza vumbi, alibaki ameduwaa. Ndani kulikuwa na ubao wa kijani uliopitishwa mistari ya shaba, myembamba kuliko uzi wowote aliowahi kuushika, maelfu kwa maelfu, inapinda pamoja, inapishana, na hakuna mmoja uliomgusa mwenzake. Yeye alijihesabu bingwa wa darizi.

"Nani kashona hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini.

"Hata mimi hujiuliza," alisema Lusajo.

Jumamosi ya tatu kadi ya picha ilifika, fupi, ya kutosha kwenye kile kiboksi. Shamsia aliisukuma mpaka ikalia tak, akakaza skrubu, akachomeka nyaya, akabonyeza. Feni zilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

 Alimtazama Lusajo, naye Lusajo akatazama chai yake. Basi Shamsia akazima, akaanza upya kama anavyokagua gauni lililokataa kukaa mwilini, mshono mmoja baada ya mwingine. Alichomoa kijiti cha kumbukumbu, akakirudisha. Aliigusa kadi, imekaa sawa. Ndipo alipofuata kwa kidole waya wa skrini na kukuta ameuchomeka kwenye tundu la zamani, si kwenye kadi mpya. Aliuhamisha, akabonyeza tena.

Skrini ikawaka buluu, mwanga ukamjaa usoni. Shamsia alirudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

Wiki iliyofuata aliifikisha Kisarawe, imeviringishwa kwenye vitenge pamoja na skrini na kibodi, mchezo wa ndege Lusajo ameshauweka ndani. Mwanne aliivua vitenge mwenyewe. Alikaa mbele yake, akaipapasa ubavuni, akauliza, "Dada, umeiunda wewe?"

"Mimi. Haya, rusha."

Mwanne aliirusha ndege kutoka uwanja wa Dar, akaielekeza magharibi. Vidole vyake vilikwenda bila macho kuvifuata. Bi Hamisa, aliyekuwa akimenya mihogo uani, aliingia na kisu mkononi.

"Vile vilima ni vya Pugu, mama," Mwanne alisema, akigusa skrini. "Hapa tulipo ni hapa. Na ule mto mbele ni Ruvu."

Bi Hamisa aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alizaliwa kandokando ya mto huo na hajawahi kupanda ndege maishani.

"Kumbe umejipindapinda hivyo!" alisema. "Miaka yote nimechota maji humo, nikidhani umenyooka. Ufuate, mwanangu. Nataka kuona unakotoka."

Mwanne aliufuata mto mpaka milima ya Uluguru ikasimama mbele yao, mikubwa, ya kijani. Shamsia hakuwa akitazama milima. Alitazama mikono ya mdogo wake, iliyojifunza yote hayo kwa kusimama nyuma ya watu.

Kutua kulimshinda. Ndege ilijikwaa shambani, ikapinduka, na Bi Hamisa akapiga yowe, "Lahaula!" kisu kikamdondoka. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Rudia," mama alisema, akivuta kigoda karibu zaidi.

Mwanne aliirudisha ndege hewani.