Boriti za Mzee Ambroise

Odile alikuwa anakanda unga simu ilipolia, Alhamisi asubuhi. Alikuwa Gaspard, msimamizi wa mafundi wa baba yake.

"Dada Odile," akasema. "Mzee ametutoka. Alikaa juu ya boriti anywe kahawa yake, hakuinuka tena."

Odile akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye unga, akaketi sakafuni.

Mzee Ambroise Lacassagne alikuwa seremala wa mji wa Roquebrèze kwa miaka hamsini na tisa. Moto ulipoteketeza uwanja wa mjini, ukala nyumba kumi na moja, paa la kanisa na banda la soko, alikuwa ameshastaafu na magoti yameshamkataa. Halmashauri ikataka kujenga banda jipya la chuma. Mzee akaenda kikaoni na fimbo yake.

"Chuma wekeni stesheni," akawaambia. "Hapa watu wanauza jibini, hawasubiri treni."

Watu wakaangua kicheko, na mzee akapewa miti ya mwaloni alijenge banda kwa mbao. Kwa miaka miwili alitambaa kwa magoti yale yale, akichora kila boriti kwa ukubwa wake sakafuni mwa karakana, na mafundi wakichonga kwa kufuata mchoro. Jumamosi ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kulisimamisha banda.

Sasa Gaspard alisimama jikoni kwa Odile, kofia mkononi. "Mwenzetu akifa, tunaweka zana chini mpaka azikwe. Ndivyo tulivyorithi. Lakini kreni tuliyokodi kuinulia boriti ikiondoka Jumamosi, hatuipati tena mpaka mwezi wa nne."

Mama Perrine, muuza jibini, alikuwa amekuja na sufuria ya supu. "Mimi mgongo umeniozea kwa mvua, kuuza chini ya maturubai," akasema. "Ila mwenye msiba ni wewe, mwanangu. Ukisema tungoje, tutangoja. Kulalamika tutalalamika, hilo usituombe tuache."

Odile akacheka na machozi yakimtoka. Aliona aibu watu wagonge nyundo na baba yake bado hajazikwa. Akaingia chumbani kwa mzee, akapiga magoti chini ya msalaba wake. Akakumbuka mama yake alipofariki: baba alikwenda karakana akamchongea jeneza kwa mikono yake, mpaka jioni. Ndivyo alivyomwombea.

Akatoka. "Simamisheni. Ila na yeye awepo."

Wakamwendea Padre Sévérin kuomba misa uwanjani. "Kanisa langu lenyewe halina paa," akasema padre. "Nikatae kwa sababu gani?"

Jumamosi jeneza liliwekwa uwanjani tangu asubuhi. Nguzo zikainuka, boriti zikaingia mahali pake moja baada ya nyingine, bila msumari, kwa vigingi vya mbao tu.

"Mzee, ziba masikio!" Gaspard akapaza sauti kuelekea jeneza, akimwonyesha kidole fundi mmoja. "Huyu anagonga kama mpishi!"

Saa tisa banda lilikuwa limesimama. Gaspard akapanda akafunga tawi bichi kileleni, kama ilivyo desturi yao kazi ikifika juu. Kisha wakamwingiza mzee chini ya boriti zake, misa ikasomwa, na mbingu ikionekana katikati ya mbao.

Mafundi sita wakambeba kwa miguu hadi makaburini. Padre akabariki kaburi, wakasali Baba Yetu, jeneza likashushwa kwa kamba. Odile akatupa konzi ya udongo, Gaspard akafuata, na wengine wote wakapanga foleni nyuma yake.